Papa, Kwa Vile Uko Tu

Huku kwetu Kimanga, mjini Uvira, mtu mwenye kazi hujulikana kwa viatu. Ukimwona papa saa moja na nusu asubuhi amefunga kamba, shati limepigwa pasi, anaita pikipiki barabarani, basi huyo anatumika. Analipwa au halipwi, hayo ni mambo yake na Mungu. Lakini papa anayeonekana saa tatu barazani kwake, kandambili miguuni na kompyuta mapajani, huyo ana matatizo, na majirani wema hawawezi kumwacha peke yake na matatizo yake.

Papa huyo ni mimi. Machi 2020, hali ya dharura ilipotangazwa kwa ajili ya Korona na mipaka ikafungwa, ofisi yetu ilitutuma nyumbani. Baadaye wenzangu waliitwa warudi. Mimi nilionekana mtu ambaye anaweza kutafsiri ripoti bila kutumia meza ya ofisi wala chai yake, nikaachwa palepale. Tangu hapo wakubwa wangu wako Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, nami niko Uvira, milima mgongoni, ziwa usoni, na katikati mihogo ya mama jirani.

Mihogo hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya pili. "Papa, kwa vile uko tu, utuchungie mihogo." Mama aliitandaza juani kwenye turubai, akabeba beseni lake kwenda soko la Mulongwe, nikabaki mlinzi dhidi ya mbuzi, kuku na mawingu. Kesho yake jirani wa pili aliacha ufunguo, kwa vile niko tu. Wa tatu aliacha mtoto. Wa nne aliacha bidoni, maana maji ya bomba hapa huja saa yanayotaka yenyewe, na anayekuwapo ndiye hujazia mtaa. Sijawahi kuajiriwa na watu wengi kiasi hicho, tena bila hata mmoja kuniuliza nasoma nini kwenye kompyuta.

Waajiri wa Kinshasa nao wana mambo yao. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Wanapoamka mimi nimeshakunywa chai, nimeshafukuza mbuzi, nimeshachoka. Jioni wanapokumbuka "jambo moja dogo kabla hatujafunga", kwao ni saa kumi na moja, jua bado lipo. Kwangu wavuvi wanasukuma mitumbwi na mbu wameshaanza zamu yao. Jambo dogo la Kinshasa halijawahi kuisha kabla ya chakula cha usiku cha Uvira.

Halafu kuna umeme. Umeme wetu hutoka mto Ruzizi, na Ruzizi hutoka Ziwa Kivu. Mto huo unapita kwenye bwawa la enzi za Wabelgiji, unapita kwenye la pili tunalogawana na Rwanda na Burundi, kisha unashuka bondeni hadi kumwagika Tanganyika, hapa karibu yetu kabisa. Maji yenyewe hayajakosa kufika hata siku moja. Ni umeme uliochotwa ndani yake ndio unaopotea njiani. Hurudi usiku wa manane, na mtaa mzima huamka kuupokea: huyu anapiga pasi, yule anafungua redio, mimi nachomeka kila kitu chenye waya na kuanza kutafsiri. Saa hizo viboko hutoka ziwani kuja kula majani, na tangu ziwa lilipojaa wamezidi kusogea. Namsikia mmoja akitafuna nyuma ya ua, nami natafuna sentensi zangu upande wa huku. Ndiye jirani pekee ambaye hajawahi kunituma.

Mtandao wa simu unahitaji ujuzi wa mipaka. Nikikaa dirisha la mashariki, simu huamua kwamba tumehama nchi: inanikaribisha Burundi kwa heshima zote na kunieleza bei ya kupiga simu huko. Nikisogea chini ya mwembe, narudi Kongo. Kwa hiyo mikutano yangu yote hufanyika chini ya mwembe, ambako pia ndiko njia ya wauza samaki. Siku moja tulikuwa katikati ya bajeti ya mwaka, mama mmoja akapita na beseni kichwani: "Ndagala! Ndagala mbichi!" Kinshasa ikanyamaza. Huko ndagala huwafikia zikiwa kavu, zimesafiri kuliko wao wenyewe. "Mbichi?" mkubwa akauliza. "Ni pesa ngapi?" Bajeti ilipata robo saa; ndagala zilipata saa nzima iliyobaki.

Ila mkutano uliotia fora ni ule wa wazee wa kanisa. Walifika watatu, Biblia kwapani, wakavuta viti. "Tumesikia, papa," alisema mkubwa wao. "Mungu hafungi milango yote." Nikaonyesha kompyuta, nikanong'ona kwamba niko ndani ya kazi. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyezoea kusikia wagonjwa wakisema wamepona. Wakasimama, wakanyoosha mikono. Mzee akaomba Bwana amkumbuke mtumishi wake huyu, amfungulie mlango wa kazi, na awape aibu wote waliomfukuza. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Waliotajwa walikuwa wanasikiliza. Maombi yalipoisha kulikuwa na kimya kirefu, kisha kutoka Kinshasa mhasibu akajibu: "Amina." Mwezi huo mshahara uliingia kabla ya tarehe yake. Wazee waliutoa kanisani kama ushuhuda, nami sikuwa na la kupinga.

Mvua ndiyo peke yake inayoheshimiwa kuliko mkutano. Ikigonga mabati, hata aliye Kinshasa anaelewa kwamba sipo tena. Tena hapa si jambo la mzaha: usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu, na tangu hapo wingu likikaa juu ya milima hakuna anayemwuliza mwenziwe yuko kwenye mkutano gani. Unatoka, unatazama juu, unahesabu watoto. Ikionekana ni mvua ya kawaida, ndipo unakimbilia mihogo, simu begani, huku mtu akikuuliza kwa Kifaransa kama unakubaliana na kifungu cha nne.

Pamoja na hayo yote, waliponiuliza kama nataka kurudi ofisini, nilisema hapana upesi hadi nikajishangaa. Ofisini nani angenipikia ndagala zilizotoka majini asubuhi ile ile, na nyanya na pilipili, bugali bado inatoa moshi? Ofisini jua hukaa dirishani mpaka jioni. Hapa milima hulificha mapema, kivuli kinashuka taratibu kuelekea ziwani, na upepo unaanza. Watoto wakirudi shuleni wananikuta. Na yule mama wa mihogo, akisonga, hunipitishia sahani ya sombe juu ya ua bila mimi kuomba: "Papa, kwa vile uko tu, kula." Nimegundua kwamba maneno yale yale yanayonitwika bidoni za watu ndiyo yanayonilisha, na siwezi kukataa nusu moja nikachukua nyingine.

Juzi mama huyo alikuja na kijana wake aliyepata diploma ya serikali. Akamsukuma mbele.

"Papa," alisema, "tumechunguza. Miaka yote hii hautoki, jua halikupigi, na watoto wanakula. Na huyu umutafutie kazi kama yako, hii ya kukaa."

Nikamwuliza kijana anajua nini.

"Kifaransa, papa. Na kompyuta kidogo."

"Na mbuzi?" nikamwuliza. "Unaweza kuwafukuza bila kuacha kuongea?"