Gamba Lililopewa Kiti

Hapo kale, katika ufalme wa mbali ambako maji ya bamvua hupanda hadi mizizi ya mikoko kisha yakarudi zake, walitawala kaa waliojivunia jambo moja tu, nalo ni ugumu wa magamba yao. Ndoa zilifungwa kwa kugongwa gamba, kesi ziliamuliwa kwa kugongwa gamba, na wazee wote walikula yamini kwamba walizaliwa vile vile walivyo, ingawa kila mmoja alikuwa na shimo la siri ambalo hakupenda kuulizwa habari zake.

Basi palikuwa na kaa kijana aliyeanza kuhisi kuna mwingine ndani yake. Chini ya gamba la utotoni lilikuwa likiota gamba jipya, laini kama utando, naye akawa wawili wenye jina moja: wa nje akitamani kucheza na wadogo zake ukingoni, wa ndani akiona haya hata kuonekana nao. Mama akimshika, humng'akia; mama akienda zake, hununa kwa kuachwa. Mchana alimbana sahibu yake kwa gando pasipo kosa, usiku akalilia ubaya huo huo. Chakula kikamshinda. Akawa anaogopa gamba lisije likapasuka, na papo hapo analiombea lipasuke, asijue dua ipi ni yake.

"Huyu anasusa," alisema baba, akampeleka barazani.

"Shikamooni, wazee wangu. Ndani kunanibana."

"Marahaba. Kunakubana nini, nawe huna mke wala hulipi kodi?"

Mganga wa mfalme akamgonga mgongoni mara tatu, gamba likaitika ngo, ngo, ngo, akatangaza kwamba kijana ni mzima, ila ana ujeuri. Akandikwe tope, akaririshwe majina ya mababu hadi maji mafu. Bibi yake, aliyekwisha kutoka katika magamba asiyoweza kuyahesabu, alifunua kinywa, akamtazama mfalme, kisha akauliza kama mwaka huu kamba ni wengi.

Bamvua iliyofuata, usiku wa manane, gamba lilipasuka kwa nyuma. Kijana akatoka kinyumenyume, mguu baada ya mguu, mnyonge asiyeweza kubana hata jani, akajitosa shimoni. Asubuhi wazee walilikuta gamba mlangoni, lina magando yake, miguu yake, hata macho yake, limetulia tuli. Wakalikemea, halikujibu, wakasema ameshika adabu. Wakalisukuma, halikunung'unika; wakasema amekomaa. Lilikuwa tupu, naam, lakini katika baraza lile utupu haukuwahi kumnyima mtu kiti. Wakalibeba, wakaliketisha safu ya mbele, kina mama wakawaonyesha watoto wao, na baba mtu akaanza kulitafutia mchumba.

Siku zikapita, mwili ukakaza, kijana akatoka shimoni mkubwa kuliko alivyoingia. Akapiga hodi barazani.

"Nani?" akauliza bawabu.

Akataja jina lake.

"Mwenye jina hilo yumo ndani, tena kwa heshima zake."

Baba akaisikia sauti, akaijua. Akatoka mbiombio, akaurudisha mlango nyuma yake, akamtazama mwanawe juu hadi chini.

"Mwanangu," alinong'ona, "kesho wanaleta jibu la posa. Hukuweza kungoja hadi keshokutwa?"