Hotuba Adhimu juu ya Mota ya Feni ya Hita, Iliyosomwa Puge Chini ya Mwembe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliopanda juu ya mwembe kinyume cha adabu za majilisi: ama baada ya salamu, napenda ijulikane tangu awali kwamba mtu aliyesimama mbele yenu si fundi, kwa maana fundi ni mtu wa mikono, na mikono hata nyani anayo, mimi ni mjuzi, na mjuzi ni mtu ambaye gari likimwona hujuta kuharibika.

Mwenye pikapu hii, Hilux kuukuu ambayo rangi yake ya asili imebaki kuwa hadithi, ameniomba niibadilishe mota ya feni ya hita, kazi ambayo mafundi wa kawaida huikimbiza kwa nusu saa, na ambayo mimi, kwa taadhima niliyo nayo kwa elimu, leo naingia nayo siku ya tatu.

Mama muuza karanga ameuliza, na sasa anauliza tena, hita ni ya nini hapa Puge, ambapo mwezi wa Oktoba joto hupita nyuzi 30 na kuku hushinda kivulini midomo wazi. Swali hilo nililijibu jana kwa kunyamaza. Lakini mwenye gari, bila ya idhini yangu, amedakia kwamba feni ni hiyo hiyo moja: maji ya moto ya injini yakifunguliwa yapite katika kile kirejeta kidogo kilicho chini ya dashibodi, huleta joto, yakifungwa, huleta upepo mtupu, na wakati wa mvua ndiyo inayoondoa ukungu katika kioo cha mbele, kwani tangu ilipozimika yeye huendesha njia ya Nzega kwa mkono mmoja, wa pili ukifuta kioo kwa kipande cha khanga ya mkewe. Hayo ni kweli tupu, na ningeyasema mwenyewe laiti ningeyajua, yaani, laiti ningepewa nafasi.

Tuanze basi na msingi wa somo, ambao ni mimi. Nilikaa miaka tisa katika gereji moja kule Gerezani, Dar es Salaam. Mzee aliyekohoa pale nyuma ana haki ya kukohoa: ni kweli niliandikiwa kazi ya kulinda geti, lakini hebu zingatieni, ni gari gani lililopata kuingia gereji ile lisipite mbele yangu? Mafundi waliona magari mawili matatu kwa siku, tena kwa chini. Mimi niliyaona yote, tena kwa mbele. Na bisibisi hii ya nyota, iliyo katika karatasi yake ya dukani, ninayo tangu siku ile nilipoaga. Tazameni ncha yake, haina mkwaruzo hata mmoja. Nionyesheni fundi mwingine katika mkoa mzima wa Tabora ambaye bisibisi yake imekaa miaka kumi na moja ikang'aa hivi!

Tena nchi hii yetu si ngeni kwa wajuzi. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani na wapagazi wao wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Na mwaka uliofuata, walipokwisha kurudi kutoka Ziwa Tanganyika, Burton alibaki Kazeh, ametulia kwa Waarabu, akizungumza na kuandika, kwa sababu alikuwa mwanachuoni wa lugha nyingi mno, ilhali Speke, ambaye kwa maneno hakuwa lolote, alishika njia ya kaskazini kwa miguu. Mlio na akili mmekwisha kutambua ni yupi kati yao anayefanana nami. Sauti ya juu ya mwembe inauliza ziwa lile kubwa la kaskazini aliliona nani. Aliliona Speke, mwezi wa Agosti 1858, na aliporudi akasema Nili inatoka humo, Burton hakumsadiki. Kwamba baadaye ilidhihiri Speke hakukosea ni jambo dogo, wala sioni sababu ya kicheko hiki.

Narejea katika mota. Mpya hii hapa, niliyoiagiza mwenyewe Kariakoo, ikaja kwa basi, kwa fedha za mwenye gari. Imeandikwa volti 24, na betri ya pikapu hii ni ya volti 12. Kwa hesabu ya darasa la pili, basi, ndugu yetu amepata upepo mara mbili kwa bei ya mmoja. Dereva wa lori aliyesimama hapo kununua maji anasema hiyo ni mota ya lori, na kwa betri ya volti 12 itazunguka kama mgonjwa anayejinyoosha. Namshukuru kwa mchango wake. Basi lake, samahani, lori lake, linamngoja.

Sasa namwona kijana wa kuziba pancha za baiskeli ameingia upande wa abiria, miguu nje, kichwa chini ya dashibodi. Shikamoo yake niliipokea, nikadhani amekuja kujifunza. Aliuliza, "Mzee, fyuzi umeiangalia?" Nikamwambia fyuzi ni mlango wa elimu ya chini. Akaichomoa, akaiinua juani: kawaya kake kamekatika. Akatia nyingine, ikakatika papo hapo. Nikapaza sauti, mnaona, mota imekufa! Naye akasema, kwa adabu iliyonichoma kuliko tusi, "Mzee wangu, pengine haijafa, pengine kuna kitu kinaizuia isizunguke." Amefungua kisanduku cha dashibodi. Amefungua skrubu tatu, kwa kisu, maadamu bisibisi yangu sikuona haja ya kuitoa katika karatasi. Mota imemwangukia kiganjani pamoja na gurudumu lake la mapezi membamba, na ndani ya mapezi mna kiota: pamba ya shambani, maganda ya karanga, kipande cha khanga, na watoto wanne wa panya, wekundu, macho hayajafunguka.

Panya, waheshimiwa, hawakuwamo katika muhtasari wangu. Hata hivyo nilikuwa nikielekea huko, katika sura ya tano.

Kijana amewahamishia wale panya kwenye kofia yangu, amelizungusha gurudumu kwa kidole likazunguka, amerudisha skrubu tatu, ametia fyuzi ya tatu. Naomba asiwashe kabla sijafika sura ya pili, inayohusu utoto wangu. Naomba, nimesema, na kama ni lazima, basi aweke namba moja, kwa maana nimesimama mbele ya mlango ulio wazi na karatasi zangu hazi...

Zikamateni! Ile ya juu ya mwembe niachieni. Mwenyekiti, iliyo begani kwako ni dibaji. Mama, hiyo unayoikunja pembe ni sura ya pili yenyewe, nakusihi usitie... Haya. Zina chumvi?