Mtunza Muda Amegonga Kengele

Kwenye mtihani wa moko wa Kiswahili wa kidato cha nne niliingia kifua mbele. Orodha ya Steve Reynolds nilikuwa nimeisoma mara tatu, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo mara mbili, na Takadini nilikuwa nalala nacho.

Swali likasema: taja dhamira mbili za tamthiliya ya Orodha. Alama mbili. Wenzangu waliandika "UKIMWI, unafiki", wakasonga mbele. Mimi nilianzia msibani kwa Furaha. Nikasimulia wanaume wa kijiji walivyotokwa jasho, kila mmoja akihofia jina lake limo kwenye orodha aliyoiacha marehemu. Nikanyoosha mkono kuomba karatasi ya nyongeza, na chumba kizima kikanitazama kama mtu aliyeomba sahani ya pili ya pilau harusini. Neno "taja" nililiona, msidhani sikuliona. Nililidharau. Kitabu nimekisoma mara tatu, halafu nitaje tu kama kiranja anayeita majina asubuhi?

Mbele kidogo nikatakiwa kutunga sentensi tatu, kila moja ikionesha maana tofauti ya neno "paa". Kwa kuwa muda ulikuwa umeanza kunibana, nikabana matumizi: "Paa alipaa akatua juu ya paa." Mpaka leo naamini ile sentensi ilistahili tuzo. Ilipata sifuri.

Mtaani "eleza", "fafanua" na "jadili" ni ndugu wa tumbo moja. Mwulize kondakta kwa neno lolote kati ya hayo kwa nini nauli imepanda, atakujibu kwa matusi yaleyale. Kwa msahihishaji, kila neno lina mkeka wake.

Swali la mwisho lilikuwa la alama 15: "Mwandishi ni mwalimu wa jamii. Jadili." Hapo damu ilichemka, maana mimi nilikuwa msemaji wa midahalo ya Ijumaa. Nikaandika: "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda makini, watetezi wenzangu, na hata nyinyi wapingaji mliopotea njia..." Nikawakejeli wapingaji aya mbili nzima. Nilipofika kwenye "hoja yangu ya kwanza", msimamizi akatangaza kalamu chini.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu: "Mtunza muda amegonga kengele. 1/15." Ile moja nahisi ni ya salamu.

Nyumbani, baba aliishika ripoti kwa vidole viwili, kama aliyeokota panya kwa mkia.

"Taja sababu."

Nikakohoa kidogo. "Baba, ukiangalia kwa upana historia ya..."

"Nimesema taja!"

"Kutosoma maswali vizuri, baba."

Akaiweka ripoti mezani, akavuta kiti, akaketi, akakunja nne.

"Haya. Sasa fafanua."