Heko, Mla Chupa

Wageni wenzangu hapa Leipzig wanaisema vibaya ile mashine ya chupa tupu iliyopachikwa ukutani kwenye kona ya duka. Eti inanuka bia, eti ina foleni, eti ina kiburi. Leo naomba niitetee, maana mie Ujerumani nzima sijapata mwalimu kama huyu.

Kwanza, ni mtunza ahadi. Tangu Januari 2003, chupa ya maji ya plastiki ya kutumika mara moja na kopo la soda hubeba amana ya senti 25, wenyewe wanaiita Pfand. Unalipa ukinunua, unarudishiwa ukirudisha. Chupa ya bia ya kioo kwa kawaida ni senti 8 tu. Ya mvinyo haina kitu, na hilo utalijua siku itakapotemwa mbele za watu. Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu Sinza, Dar, naye alikuwa na sheria yake: hukuja na chupa tupu, soda unainywea palepale kibarazani huku akikutupia jicho. Lakini ukimsalimia vizuri alilegea, "Haya nenda, utaileta kesho." Mashine haijui kesho.

Jumamosi moja jioni, kwa kuwa Jumapili maduka hufungwa, nusu ya mtaa ilikuwa kwenye foleni. Mfuko wangu ulikuwa umejaa pomoni. Nikaingiza chupa, kitako mbele. Ikazungushwa, ikakaguliwa ile mistari myeusi, kisha nikasikia ikipondwa huko ndani. Ya saba ikarudi. Nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ikarudi. Kumbe ilikuwa imebonyea ubavuni. Basi mtu mzima mimi, baba wa watoto watatu, nikaitia mdomoni nikaipuliza kama puto. Bibi aliyekuwa nyuma yangu hakucheka. Alinyoosha kidole tu, akanionyesha sehemu iliyobaki na kunyanzi. Nikapuliza tena. Ikapokewa, bibi akatikisa kichwa kuridhia. Katika miaka yangu minne hapa, hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo dukani.

Halafu haina upendeleo. Haiulizi natoka wapi wala Kijerumani changu kimefika ngazi gani. Ni kweli iliikataa chupa ya maji niliyotoka nayo Dar, nikaiingiza mara tatu huku moyoni nikisema huu sasa ni ubaguzi. Kumbe chupa yenyewe haikuwa na alama ya Pfand, ile ya chupa na kopo yenye mshale. Mjerumani mmoja aliyetoka likizo Italia na chupa zake alikataliwa vilevile, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Pesa haikupi mkononi. Inakupa kikaratasi ukipeleke kwa keshia wa duka hilohilo. Changu nimeshakifua mara mbili ndani ya suruali. Sasa nakagua mifuko kuliko askari wa getini. Na ikishiba inawasha taa nyekundu na kunyamaza, watu wote kwenye foleni wananyamaza nayo, mpaka kijana wa duka aje na funguo. Kwetu hapo tungekuwa tumeshaunda kamati.

Kesho Jumamosi. Nyuma ya mlango zipo chupa 24 za plastiki, yaani euro 6. Mnaokuja kunitembelea, soda kunyweni mtakavyo. Chupa msizikunje.