Mhadhara wa Bingwa Kuhusu Hewa ya La Paz



Nimeombwa nizungumzie mji wa La Paz, nchini Bolivia, na kwa haki kabisa sioni mwingine ambaye angeombwa. Wapo waliosoma jiografia vyuoni miaka nenda, miaka rudi. Hao wana vyeti. Mimi nina mapafu, na mapafu yangu yamefika. Wanaonong'ona kule nyuma naomba waizingatie tofauti hiyo.

La Paz iko kwenye mwinuko wa mita 3,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa msikilizaji wa Tanga au Lamu namba hiyo haisemi kitu, basi na aikumbuke Kilimanjaro: kambi ya Horombo, ambako mpanda mlima hulala na kofia ya sufu huku akiwaza wosia, iko mita 3,720. Sasa pale Horombo jengeni benki, wekeni foleni ya magari na watoto wa shule wanaokimbizana, kisha mpitisheni bibi kizee aliyefunga mzigo mgongoni kwa kitambaa cha rangi, anapanda mtaa huku anapiga soga. Alinipita. Nilimruhusu, kwa heshima ya umri.

Uwanja wa ndege nao wameuweka juu zaidi, kwenye mji jirani wa El Alto, mita zaidi ya 4,000. Njia ya kurukia ina urefu wa kilomita 4, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi na ndege hulazimika kukimbia sana ndipo mabawa yapate cha kuegemea. Chombo chenye injini, ndugu zangu, kinahitaji kilomita nne! Halafu eti watu wanishangae mimi kwa kupumzika kwenye ngazi ya tatu ya hoteli.

Suala la ngazi limepotoshwa na niliosafiri nao, kwa hiyo nalisahihisha hapa rasmi. Sikuanguka. Niliketi kwa ghafla, kwa madhumuni ya utafiti. Na nikiwa palepale chini nilitafakari kwamba oksijeni katika hewa ya La Paz ni asilimia 21, sawasawa na Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa imetawanyika, hata pumzi moja ya kule inakuletea takriban theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo ungeivuta pwani. Moyo unaenda mbio kufidia, kichwa kinagonga, chakula kinachukiza, usingizi unakatika. Wenyeji huiita hali hiyo soroche. Mimi sikupata soroche. Nilipata dalili zake zote, jambo ambalo ni tofauti kabisa, na namwomba yule daktari wa mstari wa mbele aache kutikisa kichwa.

Madaktari kama yeye hushauri mgeni apumzike siku ya kwanza, ale kidogo, anywe maji, aache pombe. Ni ushauri mzuri kwa watu wa kawaida. Mimi nilipanda moja kwa moja hadi Mercado de las Brujas, soko la wachawi, ambako huuzwa vijusi vya llama vilivyokaushwa. Mwenye kujenga nyumba hukizika kimoja kwenye msingi, kiwe sadaka kwa Pachamama, mama ardhi. Niliyatazama hayo kwa muda mrefu nikiwa nimeegemea ukuta. Kuegemea ni sehemu ya mbinu zangu.

Chai ya majani ya koka nayo niliichunguza. Jani hilo ni halali Bolivia, na katiba yao ya 2009 inalilinda kama urithi. Ukilipakia kwenye begi kwenda kwingine, utajieleza mwenyewe kwa polisi. Kasoro ya chai yenyewe ni kwamba haikuwa ya moto. Kule maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage huchelewa mno kuiva bila sufuria ya presha. Niliagiza chai ichemshwe upya. Mhudumu akasema imechemka tayari. Nikamweleza mimi ni nani. Akaileta ileile.

Kwingineko mwenye fedha hujenga kilimani ili awatazame wenzake kutoka juu. La Paz, tajiri huteremka: Zona Sur, mtaa wa wenye nacho, uko mamia ya mita chini, kwenye joto na pumzi, na wengi wa kipato kidogo wamebaki juu El Alto kwenye baridi. Tangu 2014 pande hizo zimeunganishwa na vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, Mi Teleférico. Ndio usafiri pekee nchini humo ninaoupitisha, maana unakwea ukiwa umekaa.

Na anayedhani natia chumvi, amuulize Messi. Mwaka 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 2,500. Wabolivia wakafura, na Maradona mwenyewe akaenda La Paz mwaka 2008 kucheza mpira kuwaunga mkono. Marufuku ikaondolewa. Aprili 1, 2009, Maradona akarudi pale uwanja wa Hernando Siles akiwa kocha wa Argentina, Messi akiwa kikosini, wakafungwa 6–1. Hivyo basi mimi na Messi tumeshindwa na mpinzani mmoja, uwanja mmoja, na mnaweza kutupanga daraja moja bila kunifurahisha kupita kiasi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Mheshimiwa, mwaka 2014 Wabolivia waliigeuza saa ya jengo la bunge lao pale Plaza Murillo, mishale ikawa inazunguka kwenda kushoto. Kwa saa hiyo, ambayo ndiyo halali kwa mada yetu, nina muda mwingi kuliko nilipoanza. Tuingie sasa sehemu ya pili.