Bundi Yuko Kibla

Halati yangu wa Gede aliposikia nimelipa pesa kwenda kutazama ndege, alisitisha kukuna nazi akaniangalia juu ya ile mbuzi kama mtu anayepima homa kwa macho.

"Ndege? Si ungesimama nje ya uwanja wa Malindi? Zinaruka bure."

Nikamweleza kwamba si hizo za abiria, ni hawa wa manyoya. Akafikiri kidogo. "Kwani Mombasa kunguru wamekwisha?"

Sikumwambia kwamba ndege mwenyewe ni bundi. Katika ukoo wetu bundi akilia juu ya paa, nyumba nzima huanza kuhesabu wagonjwa. Kumwambia halati kwamba nimetoka Mombasa kwa matatu, nikalala kwake, nikala mahamri yake na mbaazi zake, ili kesho alfajiri nimfuate bundi hadi kwake, kungekuwa kukosa adabu.

Kwake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, nao nimeupita mara nyingi kuliko nilivyopita mlangoni kwa baadhi ya jamaa zangu. Barabara ya Mombasa kwenda Malindi inaambaa nao, nami kila mara nimeupita nimelala, kichwa kwenye kioo. Una kilomita za mraba 420 hivi, na ndiyo kipande kikubwa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Wapo watu wanaopanda eropleni usiku kucha kuja kuutazama. Mimi nilihitaji kuamshwa na utingo.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Tulikuwa wanne: mwelekezi, kijana wa Kigiriama aliyekulia ukingoni mwa msitu, mume na mke wazee kutoka Uholanzi waliovaa rangi ya udongo kuanzia kofia hadi soksi, na mimi, niliyevaa dera la rangi ya chungwa. Nilikuwa nimeambiwa ni matembezi. Mwelekezi alinitazama akasema kwa heshima, "Umependeza, dada. Hata ndege watakubali." Kisha akanivika koti lake kuukuu la kijani lililonuka moshi wa kuni. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshashushwa cheo kutoka dada hadi mama.

Mkosi wa kwanza ulikuwa wa saa. Tulikuwa hatujatembea nusu saa mwelekezi aliponong'ona kwa haraka, "Saa tatu! Saa tatu!"

Nikatazama mkono wangu. "Bado. Hata saa moja haijafika."

Kumbe hakuwa anatangaza wakati. Watazamaji wa ndege huonyeshana mahali kwa uso wa saa: mbele yako ni namba 12, mkono wako wa kulia ni namba 3. Mpango mzuri, ila Mswahili hasomi namba iliyoandikwa. Mshale mfupi ukikaa juu ya 9, sisi tunasema saa tatu na tunaendelea na chai. Basi nilipokwisha kuelewa mchezo, nikageukia kwenye saa tatu yangu, yaani kushoto. Kushoto palikuwa na mti. Niliutazama kwa darubini ya kuazima, jani moja baada ya jingine, huku kulia kwangu Waholanzi wakivuta pumzi kwa pamoja. Kulukulu alikuwa ameruka, mabawa yake mekundu yakifunguka kama mwavuli. Nilipogeuza darubini niliona kitu kikubwa chenye manyoya meupe, nikafurahi. Lilikuwa sikio la mzee wa Kiholanzi.

Mwelekezi alinihurumia. "Pole, dada. Wewe nitakutajia saa ya Kiswahili."

Robo saa baadaye akanong'ona, "Dada, saa tisa!" Mshale juu ya 3, kwa hiyo kulia. Lakini mimi ni mwanafunzi mwepesi: nilikuwa nimeshajifunza saa ya wenzangu. Nikageukia namba 9 iliyoandikwa, kushoto tena, nikatazama mti mwingine. Kulia, juu kabisa kwenye mirihi, alikuwa chozi wa Amani, ndege mdogo aliyepewa jina la Amani ya milima ya Usambara, na ambaye watu husimama chini ya miti hiyo hadi shingo zikakakamaa ili wamwone. Yangu ilikakamaa pia, ila kwa upande usio wake.

Sehemu ile ya msitu ina mchanga mweupe na mirihi iliyoachana, na asubuhi ile ilikuwa kimya kama ofisi siku ya Ijumaa mchana. Tulisimama muda mrefu hatuoni hata unyoya. Mwelekezi alitueleza kwamba ndege wa humu hutembea kwa makundi ya mchanganyiko, aina nyingi pamoja. Mmoja akitikisa tawi, wadudu wanaruka, na mwingine anawadaka. Macho mengi pia humwona kipanga mapema. Kwa hiyo ama hakuna ndege hata mmoja, ama wanafika wote kwa wakati mmoja, kama matatu.

"Tusubiri," akasema. "Na tusitikisike."

Sikutikisika. Nilisimama imara kama nguzo ya stima, nikijisifu moyoni, juu ya njia ya siafu.

Siafu ni jeshi lenye nidhamu. Hawaumi wakifika. Hupanda kwanza, wakaenea, kila mmoja akashika nafasi yake, kisha ni kama filimbi imepulizwa. Nilisikia filimbi hiyo kuanzia vifundoni hadi mahali ambapo insha hii haitafika. Nikaruka nyuma ya kichaka, koti huku, dera kule, nikichuna siafu mmoja mmoja na kumtaja kila mmoja kwa jina ambalo mama hakunifundisha. Na hapo ndipo kundi lilipofika. Nilisikia mbawa, miluzi, midomo ikigonga magome, mwelekezi akitaja majina mbio mbio kama mtangazaji wa mpira. Kisha kimya. Nilipotoka, mama wa Kiholanzi alikuwa ameandika aina 11 daftarini. Mimi nilikuwa na aina moja, ya siafu.

Lakini kuruka kwangu hakukuwa hasara tupu. Kutoka kichaka kilekile alichomoka mnyama wa ukubwa wa sungura, pua ndefu kama mrija, miguu myembamba, na matako ya manjano kama aliyekalia bakuli la bizari. Alikuwa sange, yule ambaye maskani yake makubwa kuliko yote duniani ni msitu huu. Waholanzi walinishika mkono kwa zamu. Mwelekezi aliniuliza, kwa sauti ya mtu asiye na uhakika kama anatania, iwapo ningeweza kurudia.

Saa tatu, saa tatu ya kweli, tulifika kwenye udongo mwekundu, ambako vichaka vinasongamana na kila tawi lina lake la kukudai. Moja lilichukua mtandio wangu, likarudisha nusu. Mwelekezi alituacha njiani akaingia peke yake kumtafuta bundi. Bundi wa Sokoke ni miongoni mwa bundi wadogo kabisa Kenya, urefu wake kama kalamu mpya ya risasi. Mchana hulala chini chini ndani ya kichaka, na ana rangi ya jani kavu. Wapo wa kahawia, wa kijivu na wa hudhurungi nyekundu, kama majani yenyewe yanavyokauka kwa namna tofauti. Wanasayansi walimtambua mwaka 1965 tu. Wenyeji walikuwa wakimsikia usiku tangu zamani, ila hakuna aliyewauliza.

Mwelekezi alirudi akitabasamu. Tukamfuata tumeinama, kisha kwa magoti. Akanyoosha mkono, akafungua kinywa kusema saa, akaniona, akakifunga.

"Mama," akanong'ona, "waijua kibla iko wapi?"

Hapo nilikuwa kwetu. Pwani yetu kibla ni kaskazini, na ukiielekea, jua la asubuhi hukaa kwenye bega la kulia. Nikageuka bila kukosea. Hatua chache mbele, kwenye kijiti kisichofika kiunoni, yalikuwa majani mawili makavu yamebanana kama abiria wa tuktuk. Jani moja lilikuwa na masikio. Nikapumua. Walikuwa bundi wawili, mume na mke, na mimi ndiye niliyewaona kwanza.

Na simu ikalia.

Mlio wangu ni taarabu, na si ile ya polepole. Bundi mmoja alifungua jicho, akanitazama kama jirani aliyechunguliwa dirishani, akalifumba. Nilijibu ili inyamaze. Alikuwa halati.

"Mmeshampata huyo ndege? Ni wa kitoweo?"

"Ni bundi," nikanong'ona.

Kimya kirefu. "Usije naye."

Nilipogeuka, mzee wa Kiholanzi alikuwa anafuta miwani, na alipomaliza miwani akafuta macho. Bundi huyu anajulikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya na kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mtu alivuka bahari kumfuata ndege ambaye mimi ningemfukuza kwa fagio. Na aliyemleta hadi kwenye kijiti kile ni kijana wa kijijini, anayelipwa ada kwa kujua bundi amelala wapi leo. Tumekuwa tukisema bundi huleta msiba. Huyu wa Sokoke huleta wageni, na wageni hulipa, na kijana ana sababu ya kutaka miti isimame.

Jioni mwelekezi alijumlisha: aina 41. Zangu zilikuwa sita, pamoja na kunguru wa kituo cha matatu. Halati alinipokea mlangoni, akakagua mikono yangu kwanza, kisha akaomba kuona picha. Aliitazama kwa muda.

"Hili ni jani."

"Ndiye huyo."

Akaikuza kwa vidole viwili hadi masikio yakatokea. "Mdogo hivi?" akasema. "Huyu atamuua nani?"

Nawe ukienda, vaa rangi ya udongo, chomeka suruali ndani ya soksi, zima simu, na kabla hujapiga hatua ya kwanza mkubaliane na mwelekezi wako mtatumia saa ya nani.