Kadi Inabeba Mtu Mmoja

Columbus, Ohio

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo inatunyoosha. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ule mrefu ambao ndani yake muuza samaki anapita mara mbili. Unauliza kwa nini hadi leo hatujakata tiketi za kuja kwenye harusi ya binti yako, wakati kwenye picha ya Idi nimeonekana nimeshika kadi ya benki. Ukamalizia: "Ipitishe tu hiyo kadi, mjomba, usiwe bahili."

Kadi ile haina pesa ndani. Ni kama ukurasa wangu katika daftari lako la madeni pale dukani Ngamiani, Tanga: benki inaandika, mimi nalipa mwisho wa mwezi. Tofauti ni kwamba wewe mteja akijaza ukurasa unanung'unika, kisha unamfungulia mwingine. Benki hainung'uniki. Inakuwekea ukomo, na wangu ni dola 2,500. Tiketi za Desemba ni dola 1,800 kwa kichwa, na vichwa ni vinne.

Mke wangu, aliyeingia nchi hii nyuma yangu, amepewa ukomo wa 4,000. Sababu hajaisema, nami sijamuuliza. Piga hesabu sasa: kadi yangu inabeba mtu mmoja, yake inabeba wawili. Kwangu zinabaki 700, kwake 400, na hakuna ndege inayouza nusu kiti. Tukaitisha kikao cha familia kujadili nani abaki Columbus. Watoto walipiga kura upesi mno.

Usidhani hatuna hela. Upatu wa Watanzania wa hapa umetuangukia sisi, na fedha yote imelala kwenye SACCOS ya huku. Lakini kadi ya akaunti ile hairuhusu matumizi ya zaidi ya dola 1,000 kwa siku, kwa usalama wangu. Nchi hii ukiona jambo limekukwama, ulizia. Utaambiwa ni kwa usalama wako. Hata kuvuka ukomo wa mkopo kuna sheria ya mwaka 2009: benki haikutozi faini ya kuvuka mpaka uwe umeridhia mwenyewe mapema. Sheria ya huruma kabisa. Usiporidhia, mashine inakukatalia tu, na foleni nzima inasikia mlio.

Utasema: waombe wakuongezee. Hapo ndipo pagumu. Huku kila mtu ana alama ya kukopesheka, na ile inayotumika zaidi huanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ya alama hiyo inatokana na ulivyolipa madeni ya nyuma, asilimia 30 na kiasi unachodaiwa sasa. Mshahara haumo. Ubebe boksi usiku na mchana, ujaze hela chini ya godoro hadi kitanda kiinuke, kama hujawahi kudaiwa na mtu, hujulikani. Yule mzee wa mtaani kwetu aliyenunua kila kitu kwa taslimu maisha yake yote, tunayemtolea mfano misikitini, akija hapa hapewi hata simu ya mkataba. Na ukiomba kuongezewa, baadhi ya benki zinachungulia faili lako, na kule kuchungulia kwenyewe kunakushusha alama kidogo. Unaadhibiwa kwa kuomba! Nadhani aliyebuni utaratibu huu alikuwa na ndugu wengi.

Aliyetukwamua ni mama mmoja wa Kisomali anayeuza tiketi Cleveland Avenue. Amekulia Eastleigh, Nairobi, na Kiswahili chake kinakimbia kuliko chetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sasa si ulipe deni kabla ya kukopa?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Kuhamisha fedha kutoka akaunti kwenda kulipa kadi hakuguswi na ule ukomo wa 1,000. Kwa hiyo nipeleke dola 1,100 kwenye kadi isiyodaiwa kitu, nafasi yake ifike 3,600, ibebe vichwa viwili. Baba naye anasafiri.

Nikahamisha. Mjomba, kwa siku chache zile benki ya Marekani ilikuwa inadaiwa na mtu wa Ngamiani. Nililala usingizi mzito. Sheria yenyewe iko upande wangu: ningewaandikia barua kudai changu, wangetakiwa kunirudishia ndani ya siku saba za kazi. Riba tu ndiyo hawalipi. Wao wakikudai, deni linazaa. Ukiwadai wewe, ghafla mmekuwa ndugu.

Halafu wakapiga simu. Dada mwenye sauti ya upole akaniambia mfumo umeona nimelipa nisichodaiwa, je, kuna tatizo? Nikamjibu hakuna, natanguliza deni. Kimya. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote ananilazimisha kufanya malipo haya. Nilifikiria nikutaje, Mjomba, nikaacha.

Tiketi zimekatwa, zote nne. Mashine ilikubali baada ya simu kutaka nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Tunatua Dar katikati ya Desemba. Lakini kadi yangu sasa imejaa hadi ukingoni, ya mke wangu imekaribia, na upatu uliobaki wote unakwenda kuzilipa kabla riba haijaamka. Kwa hiyo lile gari ulilosema utatutafutia la kutupeleka Tanga, dereva mlipe wewe kwanza, tutaelewana. Mwenyekiti wa kamati ya harusi mwambie ahadi yangu iko palepale, ila asiisome kwa sauti.

Mkaza mjomba mpe shikamoo yake.

Mpwa wako